Wenzangu chuoni wasema kuhoji kwa upole ni kumbembeleza mwizi, wadau mwaonaje?

Kurutu wa Langoni (Jumatatu, saa 3:12 usiku)

Assalaam alaykum nyote, na wengine habari zenu. Uzi ni mrefu mnisamehe, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtoto wa Amu (Lamu mjini), mtaa wa Langoni. Nimemaliza mafunzo ya polisi juzijuzi na niko nyumbani siku chache kabla sijaripoti kituo nilichopangiwa (sio Lamu kwa hivyo msianze kuniomba mambo). Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu chuoni na hapa nyumbani sina wa kuongea naye, mamangu akisikia tu neno mshukiwa asema a'udhubillahi aondoka zake jikoni.

Tulikuwa na somo la kuhoji. Mwalimu akaanza na swali moja, ukimweka mshukiwa kwenye kiti wataka nini kwake? Darasa karibu lote tukajibu kwa sauti moja: AKIRI. Mwalimu akacheka, akafuta ubao wote, akasema basi hamjui kazi mliyoijia, nyinyi mwataka kujua kilichotokea, kukiri ni kitu kingine na chaweza kuja au kisije.

Halafu akatufundisha ile mbinu ya Waingereza inaitwa PEACE, ni herufi za hatua tano za Kizungu. Unajitayarisha kwanza, wasoma faili mpaka ujue ni kipi hasa hukijui. Ukiingia wajitambulisha na kumweleza mtu kwa nini yuko pale na haki zake ni zipi. Kisha wamwacha atoe yake yote mpaka aishiwe, ndipo warudi nyuma kumuuliza na kumwonyesha pale maneno yanapogongana. Wafunga vizuri. Na ukishatoka wakaa chini kujipima mwenyewe umeharibu wapi. Waliianza miaka ya mwanzo ya 1990 baada ya aibu kubwa, kuna watu sita wa kesi ya mabomu ya Birmingham walifungwa 1975 wakaachiliwa 1991, na wanne wa Guildford walitoka 1989, kesi zote mbili zilisimama juu ya maneno waliyokamuliwa watu kituoni na maneno yenyewe hayakuwa kweli. Miaka 16 ndani kwa kitu hukufanya!!

Sasa darasani sote tuliandika tukaitikia ndio mwalimu. Usiku kwenye bweni ndio vita. Mmoja akasema hiyo ni ya nchi zenye kamera kila kona, huku kwetu usipomtisha mtu utazeeka na faili mkononi. Mwingine yeye alikuja na yake kutoka kwenye sinema, mmoja awe mkali mmoja awe mpole, na alikuwa ashajichagulia kuwa yule mkali. Kuna dada mmoja tu alisema yeye aliwahi kuhojiwa akiwa shahidi na hakutaka kamwe mtu mwingine ahojiwe vile, tukamwuliza vile vipi, akakataa kusema. Na mimi sikusema kitu, nilinyamaza kama mtu aliyemeza mfupa, lakini moyoni nusu niko na mwalimu nusu niko na wale.

Nyinyi mliowahi kuhojiwa, au mliowahi kuhoji, mwasemaje? Nataka ya kweli.

Mtoto wa Punda (saa 3:20 usiku)

Nafasi ya kwanza 😂 Kurutu ukishaingia kazini kuna punda wetu alipotea mwaka wa jana naye umhoji kwa upole

Sajini Mstaafu (saa 3:47 usiku)

Waalaykum salaam kijana wangu. Kwanza hongera, kumaliza si mchezo.

Mimi nilivaa ile nguo zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa nilikuwa Pwani, visiwani na bara. Nitakujibu kwa ukweli kwa sababu nishatoka na pensheni yangu naila. Wakati wetu hakukuwa na somo la kuhoji. Ulifuatana na mkubwa ukaangalia afanyavyo, akimaliza ndio umesoma. Kama mkubwa wako ni mtu wa adabu nawe utakuwa, kama ni mtu wa mkono basi na wewe mkono.

Hao wenzako wa bweni si watu wabaya. Wana hofu. Askari mgeni anaogopa mambo mawili, kuchekwa na mwizi na kuulizwa na bosi asubuhi mbona huyu hajasema. Hiyo ya pili ndiyo yapiga watu makofi, hasira si kitu mbele yake.

Ila simuungi mkono moja kwa moja mwalimu wako. Kuna mtu ukimwacha aseme mpaka aishiwe atakupitisha Faza, akupeleke Kiunga, akurudishe Mokowe na hajakuambia kitu. Lazima ujue kushika usukani.

Bi Mkomani (saa 4:05 usiku)

Masalkheri. Mimi nimehojiwa, nilikuwa shahidi tu, si mshukiwa wala mlalamishi. Kituo sitakitaja.

Nilihojiwa pale kaunta. Kaunta! Nyuma yangu kuna foleni, yupo wa kitambulisho kilichopotea, yupo aliyekuja kumwekea mtu dhamana, na vijana wawili wa mtaani kwetu waliokuja sijui kwa nini. Askari aniuliza kwa sauti ya mnada, "wewe ndio ulimwona fulani akiingia ile nyumba usiku?" na jina alitaja. Muyi huu wetu waujua ulivyo, ndiya zenyewe ukinyoosha mikono wagusa kuta mbili. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa ishafika kabla yangu imekaa na chai yake imepewa.

Unafikiri niliyasema yote niliyoyaona? Sikusema hata nusu. Nilisema palikuwa na giza. Na hapakuwa na giza.

Halafu kitu kingine Kurutu, mwanamke ana buibui lake, unamwita peke yake chumbani na mwanamume asiyemjua na mlango umefungwa, hata uwe mpole vipi yeye hasikii maswali yako, asikia moyo wake unavyodunda. Muite askari wa kike. Kama hayuko mruhusu aje na dadake. Hilo halihitaji mbinu ya Uingereza.

Kurutu wa Langoni (saa 4:11 usiku)

Bi Mkomani hili la kaunta limenichoma. Darasani tulifundishwa kuchagua chumba lakini ilikuwa mstari mmoja tu kwenye daftari, tukapita

Wakili wa Baraza (saa 4:40 usiku)

Nisaidie vijana kidogo upande wa sheria maana naona wengi mwadhani hili ni suala la tabia nzuri tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49. Mtu akikamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuongea na wakili, hawezi kulazimishwa kukiri jambo litakalotumika dhidi yake, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama hizo saa zimeishia usiku au wikendi. Sasa njoo kwenye Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A. Mtu akikiri mbele ya polisi kukiri huko si kitu kortini isipokuwa kumefanywa mbele ya afisa wa cheo cha Inspekta kwenda juu, na afisa huyo ASIWE ndiye anayechunguza kesi, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua. La sivyo awe mbele ya jaji au hakimu. Kuna na kanuni za 2009 zinazoeleza vile kunachukuliwa, mtu asinyimwe chakula wala maji wala usingizi.

Kwa hivyo yule mwenzako wa bweni anayetaka kuwa mkali, konstebo mpya mwenye mori, hebu mwulize: hata ukimkamua akasema yote, utayapeleka wapi? Kofi la saa nane usiku halifiki kortini. Na likifika, litafika kama kesi yako wewe, maana tuna Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 na kuna IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Mimi mteja wangu akiniambia "nilipigwa nikakiri" huwa namwonea huruma yeye, na kusema kweli huwa najua pia kuwa faili ya upande wa pili imelegea. Mchunguzi aliyepata neno la kukiri huwa halali tena njaa ya ushahidi. Hatafuti simu, hatafuti aliyeona, hapimi nguo. Aona kazi imeisha.

Mtoto wa Punda (saa 4:43 usiku)

wakili leo hujatoza?

Nahodha Kizingitini (Jumanne, saa 12:30 asubuhi)

Mimi ni mvuvi, naandika nikiwa kwenye boti nangoja maji yajae kwa hivyo mtanisamehe.

Wakili amegusa neno lugha na hapo ndipo kisu kiliponikata. Miaka kadhaa nyuma palivunjwa stoo ya wavuvi, nyavu zikaenda. Mzee mmoja wetu, Mbajuni wa kikwelikweli, alimwona kijana akitoka mbio. Akaitwa kuandikisha stetimenti. Askari alikuwa mtoto wa bara, mzuri tu, hakumkosea adabu, alimpa kiti alimpa na maji. Mzee akaeleza kwa lugha yake, akasema alimuona kwa mato yake, alikuwa tini ya mwembe, kisha akakimbilia mtangani.

Sisi twajua mtangani ni mchangani, kule ufuoni. Askari akaandika kuwa mshukiwa alikimbilia MTANGANI. Mtangani si mtaa huko Malindi? Basi. Faili ikatoka kwetu ikavuka bahari, wakapiga simu Malindi, watu wakatafutwa Malindi, na kijana mwenyewe yuko hapa hapa aenda msikitini kila siku. Stetimenti yenyewe iliandikwa Kizungu, mzee akasomewa haraka haraka akaweka dole gumba. Angejuaje?

Kwa hivyo hao wanaosema upole hausaidii, mimi nasema upole ulikuwepo. Kilichokosekana ni swali moja tu. "Mzee, mtangani ni wapi?"

Bi Mkomani (saa 1:15 asubuhi)

Nimecheka mpaka chai imenipalia na wala si jambo la kucheka

Sajini Mstaafu (saa 2:02 asubuhi)

Nahodha nakuamini mia kwa mia. Mimi mwenyewe nilitumwa kisiwa cha Pate mara ya kwanza nikiwa kijana nikaambiwa "ndoo" nikaenda kutafuta ndoo ya maji. Mtu alikuwa aniita niende pale alipo.

Malindi Darasani (saa 4:28 asubuhi)

Salaam kutoka Malindi, Maweni. Nasoma saikolojia mwaka wa mwisho na mambo haya ndiyo tuliyoyagusa muhula uliopita, nitaandika marefu.

Kurutu umeuliza maoni ya makurutu na kwa bahati kuna utafiti uliofanywa juu ya makurutu wenyewe. Ni Sweden, ukatoka 2006, kina Maria Hartwig na Pär Anders Granhag. Walichukua makurutu 82 wa polisi, kila mmoja akamhoji mshukiwa wake wa kuigiza, wengine wameiba pochi kweli na wengine hawana hatia. Faili ni ile ile kwa wote, ina ushahidi ndani. Nusu ya makurutu walifundishwa kwanza kitu kimoja, usimwage ushahidi wako mapema, uufiche, uliza kwanza maswali ya wazi halafu maswali yanayouzunguka ule ushahidi, mwache ajifungie milango mwenyewe ndipo uutoe. Nusu nyingine wakaambiwa wahoji wapendavyo. Wale wa kupenda walijua nani mwongo kwa asilimia 56.1. Waliofundishwa asilimia 85.4.

Hiyo 56 si aibu ya makurutu wa Sweden, ni hali yetu sote. Kuna hesabu ilikusanya tafiti nyingi sana, 2006 pia, ikaona mtu wa kawaida anatambua uongo kwa asilimia 54 hivi, yaani kama kurusha shilingi. Kwa hivyo mtu akikuambia "mimi nikimwangalia tu machoni najua" mwambie arushe shilingi asimsumbue mwenzake.

Na hapa macho ni mtihani zaidi maana kwetu kijana akiongea na mkubwa huangusha macho, ndio adabu aliyofunzwa tangu chuoni kwa maalim. Askari wa mahali pengine aona huyu anaficha kitu. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu "niangalie nikikuongelesha, wewe ni mwongo" kijana aambiwa, na kijana yule maskini angemwangalia babake vile angepigwa bakora.

Jambo la mwisho niwaachie. Kuna watafiti wawili Marekani, Fisher na Geiselman, walisikiliza kanda za polisi wakihoji mashahidi. Shahidi akishaanza kueleza yake, polisi alimkatiza wastani baada ya sekunde 7 na nusu. Sekunde saba! Hata bismillahi na salamu hazijaisha.

Sajini Mstaafu (saa 5:10 asubuhi)

Binti yangu (au kijana, nisamehe sijui) umesoma vizuri. Lakini mwizi wa kuigiza si mwizi. Yule wa Sweden akimaliza kuhojiwa anakunywa kahawa anaenda nyumbani. Mwizi wangu mimi ana watoto, ana deni, na amekaa ndani usiku kucha na mbu.

Malindi Darasani (saa 5:16 asubuhi)

Ni binti, shikamoo ami 😊 Hilo ni kweli kabisa na watafiti wenyewe walilijua. Lakini ami hebu geuza: huyo mwenye deni na watoto na mbu, ukimtisha, si ndiye atakayesema lolote ulitakalo ili atoke? Kulikuwa na vijana watano New York, wa umri wa miaka 14 mpaka 16, mwaka 1989, wanne kati yao wakakiri mbele ya kamera kuwa walishiriki mwanamke aliposhambuliwa na kubakwa bustanini. Mwaka 2002 DNA ikaonyesha ni mtu mwingine kabisa, na alikuwa peke yake. Wenyewe walisema baadaye walidhani wakisema wataachwa waende nyumbani.

Wakili wa Baraza (saa 5:40 asubuhi)

Na ile mbinu ya Kimarekani ya kumbana mtu hatua tisa, inayoitwa Reid, niliisoma. Unamwambia tunajua ni wewe, unamkata kila akikataa, halafu unamfungulia kajilango kadogo, "labda hukukusudia". Mwenye jina hilo alipata sifa kwa kumfanya mume mmoja wa Nebraska akiri kumuua mkewe, 1955. Baadaye mtu mwingine akaja kukiri mauaji hayo, na serikali ya jimbo ikamwomba radhi yule mume mwaka 2012. Alikuwa mzee wa miaka 80 hivi hapo. Kesi iliyomjengea mtu jina!

Pwani Raha (saa 6:30 mchana)

Nyinyi mwaongea Sweden, nani anayajua ya kwetu. Ngome ya Lamu pale Mkunguni ilikuwa jela mpaka 1984, leo watalii wanapiga picha. Waulize wazee waliopita mle kama kulikuwa na herufi tano.

Na mimi nasema wazi, simu yangu ikiibwa sitaki mwizi apewe kiti na maji. Nataka simu.

Kurutu wa Langoni (saa 7:03 mchana)

@Pwani Raha kusema ukweli sauti yako ndiyo sauti ya bweni letu. Na mwalimu alisema jambo ambalo wengi hatukulipenda, kwamba makofi yanatoka kwa raia kwanza. Mlalamishi mwenyewe ndiye aja kituoni aseme "mtie adabu kidogo atasema".

Pwani Raha (saa 7:09 mchana)

Nimesema nataka simu sijasema apigwe. Ingawa kidogo haina neno 😅

Sajini Mstaafu (saa 2:50 usiku)

Nimeswali isha nikakaa barazani nikafikiri niandike au nisiandike. Naandika.

Kuna kesi ya mashine ya boti. Ni zamani na kituo sikitaji, na waliohusika wengine washatangulia mbele ya haki. Mashine iliibwa usiku, mwenyewe akaja asubuhi amejaa, akasema ni fulani, kijana wa kibarua aliyemwachisha kazi wiki ile. Tukamleta. Akasema si yeye. Tukamuuliza tena. Mkubwa wangu alikuwa amekwenda mahali akaniachia, akasema nikirudi niikute imeisha.

Sitawaambia nilifanya nini. Ila ilipofika alfajiri kijana akasema ndiye, na akasema ameizamisha baharini karibu na mikoko akaonyesha na mahali. Nikafurahi wallahi, nilijiona mkubwa. Tulipiga mbizi pale siku mbili. Tukaajiri mtu na mtumbwi. Hakuna kitu. Nikamrudia nikamwambia wewe watuchezea, akaonyesha mahali pengine. Tukapiga mbizi tena.

Mashine ikaja kuonekana Mpeketoni, kwa fundi, imeuzwa na mpwa wa mwenye mashine mwenyewe.

Yule kijana nilikutana naye miaka mingi baadaye jetini, yeye ndiye aliyenisalimu kwanza. Nikamwuliza, mbona ulituonyesha mahali? Akasema, "Afande, wewe ndiye uliyenionyesha. Kila nikitaja mahali ulikuwa wakasirika, nikataja mikoko ukatulia, nikajua wataka mikoko."

Mimi sikujua kuwa nilikuwa nikimwambia.

Bi Mkomani (saa 3:01 usiku)

Allah akusamehe ami. Na yeye pia akusamehe.

Nahodha Kizingitini (saa 3:15 usiku)

Sajini umefanya jambo gumu kuandika hilo. Mimi sina la kuongeza

Malindi Darasani (saa 3:33 usiku)

Ami hilo uliloeleza, la kuonyesha bila kujua, ndilo linalosomeshwa. Swali lenyewe linaingiza kitu kichwani. Loftus na mwenzake 1974 waliwaonyesha watu filamu ya gari mbili zikigongana, wengine wakaulizwa yalikwenda kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Neno moja tu. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu hakukuwa na kioo hata kimoja. Katika watu 50 wa "yalipopondana" 16 walisema waliviona, wa "yalipogongana" 7 tu kati ya 50.

Ndio maana wanasema rekodi mahojiano yote tangu mwanzo, sio lile neno la mwisho tu. Uingereza walilazimisha kanda kwa sheria ya 1984. Kama ungekuwa na kanda ya usiku ule mtu mwingine angesikiliza akasema "hapa wewe ndiye uliyetaja mikoko".

Kurutu wa Langoni (Jumatano, saa 11:20 jioni)

Nimesoma yote. Ami Sajini sijui nikuambie nini, nimeisoma mara tatu.

Leo nimefanya kitu, msinicheke. Nilitaka kujaribu ile njia ya kuhoji shahidi, ya hao hao Fisher na Geiselman aliowataja dada wa Malindi, ambayo unamrudisha mtu mahali penyewe kwa kichwa, sauti, harufu, hali ya hewa, umwambie aseme yote hata analoliona halina maana, halafu aeleze tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga mtoto wa jirani hapa karibu na kwetu (mtoto mzima, alivunjika mkono tu alhamdulillah) na aliyegonga hakusimama. Bibi yangu alikuwa amekaa dakani, pale kibarazani mlangoni. Kila aliyemuuliza alimwambia "sikuona kitu, mato yangu mabovu".

Nikamwandalia mahamri na chai ya tangawizi, nikakaa chini miguuni pake. Nikamwambia bibi nieleze siku ile. Akaanza, "Siku ile nilikuwa nimetoka kuswali laasiri..." nami hapo hapo nikauliza, saa ngapi hasa bibi? Akaniangalia. Akasema:

"Niwata niseme." (Yaani niache niseme.)

Sekunde saba hazikufika wallahi. Miezi yote ya mafunzo na nimevunja rekodi ya Marekani.

Nikanyamaza. Akaanza upya, na akaanza mbali, kwa nani alipita kuuza samaki na kwamba hakuwa na changu, kwa mtoto wa fulani ambaye mamake anatakiwa amfunze, kwa harufu ya sabuni kwa sababu jirani alikuwa akifua, akaniingiza na harusi moja ya zamani ambayo sikuona yahusu nini. Mara tatu nilitaka kumkata nikauma ulimi. Dakika ishirini na kitu. Na katikati ya harusi akasema, "kama ule godoro." Godoro gani bibi? "Ule aliokuwa ameuchukua mwenye pikipiki, umemziba uso hata ndiya haioni, wa maua ya zambarau." Kisha akaendelea na harusi, maana bibi harusi naye alipewa godoro la maua.

Mtu wa pikipiki alikuwa amebeba godoro!! Hakuna aliyewahi kusema godoro. Maduka ya magodoro hapa yahesabika, na aliyenunua godoro la maua ya zambarau siku ile hawezi kuwa watu kumi.

Nikajaribu na ile ya kurudi nyuma, bibi hebu anzia mwisho. Akacheka mpaka mtandio ukaanguka, akasema mimi sijapata kumla samaki kuanzia mkiani na sianzi yeo.

Halafu nikamwuliza, mbona wale wengine uliwaambia hukuona? Akasema hawakukaa. Walisimama pale mlangoni, mmoja alikuwa na simu mkononi.

Bi Mkomani (saa 11:41 jioni)

Mashallah bibi huyo. Nipe salamu zangu

Mtoto wa Punda (saa 11:44 jioni)

Sasa nimeelewa, nileteeni mahamri nikumbuke punda wetu alipotelea wapi

Pwani Raha (saa 12:02 jioni)

Haya nakubali kiti na maji. Mahamri kwa mwizi sikubali

Wakili wa Baraza (saa 12:30 jioni)

Kurutu, wewe bado hujaripoti kazini na kesi hiyo ina afisa wake. Usiende kuzunguka madukani kuuliza godoro. Mpeleke habari mwenye faili, na bibi aandikishwe upya kwa utaratibu, kwa maneno yake.

Sajini Mstaafu (saa 2:15 usiku)

Wakili amesema kweli. Na mimi nina swali moja kwako kijana. Hayo ya bibi, uliyaandika wakati ule ule?

Kurutu wa Langoni (saa 2:19 usiku)

La ami. Mikono ilikuwa na mahamri

Sajini Mstaafu (saa 2:21 usiku)

Rudi dakani. Chukua kalamu.